Pipa la Sultani Behramu

Alitawala katika mji wa Narinji Sultani kijana, jina lake Behramu bin Kaikubadi, mwenye majeshi na bustani za zabibu nyeusi za Kishirazi na kila neema isipokuwa subira, na chini ya kasri lake palikuwa na ghala ya mvinyo, na mtunza ghala hiyo alikuwa Bi Shahinuri, ajuza aliyechoshwa na bwana wake hata kabla hajaziona nyayo zake ngazini.

Na kilichomchosha ni pipa moja la mbao za mti wa mwaloni. Malkia Durdana, mjane wa nchi ya jirani, alileta salamu kwamba ataolewa na Behramu siku atakayonyweshwa mvinyo wa Shirazi uliokomaa ndani ya mwaloni, si kabla. Na Sultani akaapa kwamba mvinyo ukiharibika, Bi Shahinuri atafukuzwa ghalani, naye hana nyumba nyingine duniani. Kisha huyo huyo aliyeapa ndiye akawa mharibifu. Kila atokapo hamamuni hushuka, hulizibua pipa, huonja, hukunja uso na kulalama kuwa mvinyo ni mkali na unakausha ulimi. Na Bi Shahinuri hulijaza tena hadi mdomoni, hewa isije ikakaa ndani ikaugeuza siki, na humweleza yale yale ya jana, kwamba ukali huo utalainika ukiachwa, nao hauachwi.

Hata siku moja Sultani akasugua pete yake, na Zumbarani, jini mtumwa wa pete, akatokea amejikunja kwa ufupi wa dari, akaamriwa aukomaze mvinyo papo hapo.

"Maulana," akasema jini, "miaka nitaileta, lakini siichagulii pa kukaa. Itamwingia kila aliyemo humu. Toka kwanza."

Sultani akakataa, akihofu asije mwingine akaonja kabla yake. Bi Shahinuri akamsihi mara moja, kwa kuwa ni wajibu, kisha akachukua fimbo yake.

"Mimi ya kwangu inanitosha," akasema, akapanda ngazi.

Aliporudi akakuta mvinyo umeiva, mwekundu wa kuelekea weusi, unanukia pilipili manga na moshi wa mwaloni, na kando yake kibogoyo mwenye ndevu zilizofika kitovuni analamba kikombe.

"Hauna ladha," akanung'unika. "Kama maji."

"Mvinyo hauna kosa, Maulana. Ulimi ndio uliozeeka."

Akainua mkono amkaripie, na pete ikachopoka kwenye kidole kilichokonda, ikaviringika hadi miguuni pa ajuza, naye akaivaa.

Malkia akaja, akaonja, akafumba macho kwa utamu. Kisha akamtazama bwana harusi na kucheka, akasema alikuwa akiogopa kuolewa na mtoto akageuzwa yaya, na sasa angalau watalala mapema wote wawili. Wakaoana, na Bi Shahinuri akatunukiwa ghala iwe yake, na dhahabu ya kumtosha asimpigie mtu magoti. Harusini kila mgeni aliusifu mvinyo ila Behramu, aliyeomba sharbati, tena izidishwe sukari. Maana anayekataa kuingoja miaka huilipa vile vile, na mwenye kufaidi ni mwingine.

Zabibu za msimu mpya zilipotiwa pipani, Zumbarani akainama mbele ya ajuza.

"Niamuru, Bibi."

"Funga mlango," akasema Bi Shahinuri, "na asionje mtu."