Zimwi Aliyezungusha Kinu cha Ufuta

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Kinu, ufuta na zimwi lafi!

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, Mwanamkuu, kazi yake kukamua mafuta ya ufuta. Alikuwa na ngamia wa kuzungusha kinu, na binti wa pekee, Mwanashee.

Siku moja Mwanashee akashikwa na kikohozi. Akakohoa asubuhi, akakohoa mchana, akakohoa jioni mpaka sauti ikapotea kabisa. Mwanamkuu roho ikamuuma. Basi akachukua ufuta wake, pishi ya mwisho, akaenda kumkamulia mwanawe mafuta mapya ya kumsugua kifua.

Lo! Kinuni ngamia hayupo. Yupo Zimwi, amelala chali.

"Ngamia wangu yuko wapi?"

"Humu," Zimwi akajipiga tumbo. "Nawe ningekumeza, ila magoti yananiuma, kukimbiza watu siwezi."

Mwanamkuu akataka kukimbia, lakini angerudi vipi mikono mitupu? Akasema, "Magoti husuguliwa mafuta ya ufuta, yakiwa ya moto kidogo. Sasa ngamia umemla. Atazungusha nani?"

"Mimi!"

"Ngamia wa kinu hufungwa macho, asishikwe na kizunguzungu."

"Nifunge upesi, mama!"

Basi akamfunga kitambaa, akamfunga na kinu. Zimwi akazunguka. Kinu kikalia kwii, kwii, kwii.

"Nimefika?"

"Bado, baba."

"Nimefika?"

"Bado, baba."

"Nimefika?"

"Umefika, baba."

Kumbe amefika palepale! Lakini mafuta yamejaa chungu. Desturi ya kinuni, kijiko cha kwanza ni cha mgonjwa. Mwanamkuu akakitia kikombeni, akakifunika.

"Sasa lete magoti, baba. Kiganja kimoja kila goti, kidogo kidogo."

Zimwi akang'oa kitambaa. "Kidogo kidogo mimi siijui!" Akanyanyua chungu, akanywa gubu, gubu, gubu, mpaka tone la mwisho.

Mara tumbo likanguruma. Akakimbilia kichakani, akarudi. Akakimbilia kichakani, akarudi. Mara ya tatu akaishia njiani, akatapika, na ngamia akateleza nje mzima mzima! Zimwi kwa aibu akatimua mbio, magoti ameshayasahau, na hajaonekana tena.

Mwanamkuu hakungoja. Akabeba kikombe chake, akamvuta ngamia mpaka nyumbani. Akampashia mwanawe mafuta moto, akamsugua kifua, akamsugua mgongo, akamsugua nyayo. Mwanashee akalala fofofo.

Asubuhi Mwanamkuu akaketi kando yake, anaogopa hata kumuuliza hali. Mwanashee akafumbua macho, akatazama nje mlangoni, na sauti ikatoka, nyembamba lakini yake mwenyewe:

"Mama, mbona ngamia wetu anang'aa hivyo?"

Mwanamkuu akacheka huku analia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kinu kimesimama. Nanyi wanangu, dawa hufaa kwa kipimo chake. Atakayebugia chungu kizima, kichaka kile pale!