Msomaji wa Mia Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Vumbini, palikuwa na Sultani jina lake Jabiri bin Masudi, mtu mpole wa moyo, ila mpenda kusifiwa kuliko mtoto apendavyo halua. Siku moja wageni wa nchi ya mbali wakamletea zawadi ya mtambo wa kupiga chapa. Ulipofungwa uani mwa kasri na kutoa karatasi ya kwanza, yenye jina lake kwa herufi kubwa nyeusi, Sultani aliishika karatasi ile hata wino ukamwingia vidoleni, na siku ile hakukubali kunawa mpaka magharibi. Basi akaamuru gazeti litoke kila Alhamisi, liitwe Tarumbeta la Vumbini, na kazi ya kuliandika akampa Waziri wake, Mselemu.

Waziri alijua bwana wake apenda nini. Toleo la kwanza lilieleza kilemba cha Sultani. La pili lilieleza jinsi Sultani alivyopiga chafya mara tatu na baraza zima likamwombea rehema. La tatu likarudi kwenye kilemba. Watu wa Vumbini walilichukua la kwanza kwa kustaajabu, la pili kwa adabu, na la tatu hawakulichukua kabisa. Ikawa magazeti yanarundikana ghalani, na panya ndio waliokuwa wakiyapitia kwa makini.

Sultani alipopata habari hizo aliona uchungu, akasema, "Mselemu, hivi watu hawataki kunijua?"

"Wanataka, Seyyidi," akajibu Waziri, "ila ni wavivu. Tuwape shindano."

Basi mpiga mbiu akazunguka mji akitangaza: atakayeleta wasomaji wapya mia tatu, kila mmoja awe ametia jina daftarini na kuleta pishi moja ya mtama, ndiyo ada ya mwaka mzima, atapewa nyumba ya mawe ya vyumba viwili, yenye ua na mndimu. Watu wakaitamani ile nyumba, wakahangaika mwezi mzima. Muuza mboga mmoja alileta wasomaji saba, wote wakwe zake. Mwalimu wa chuo alileta kumi na mmoja, na wanne kati yao walipolisoma gazeti wakarudi kudai mtama wao. Zaidi ya hao hakuna aliyefika popote.

Sasa, mjini humo alikuwako mwanamke fukara, mshona kofia, jina lake Mize binti Ngwali. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu, akamfundisha kusoma na kuandika, lakini hakumwachia kitu kingine isipokuwa kibanda ambacho mvua ikinyesha nje hunyesha na ndani. Mara ngapi Mize ameshona kofia nyeupe siku kumi, kisha tone moja la masizi likadondoka kutoka darini na mwenye kofia akaikataa! Watu walimwita mjinga, kwa sababu maneno aliyachukua kama yalivyo. Mke wa Waziri alipata kumwambia, "Niangalizie maziwa jikoni," naye akayaangalia yakachemka, yakafurika, yakazima moto. Alipokaripiwa akasema, "Bibi, nimeyaangalia mpaka tone la mwisho."

Na mwaka ule kisima cha mji kilikuwa kimebomoka. Wanawake walikuwa wakiamka alfajiri kwenda kuchota maji mtoni, mwendo wa saa nzima, na Mize alikuwa mmoja wao. Mara tatu alikwenda kasrini kutoa habari, na mara tatu Waziri alimrudisha langoni, akimwonyesha gazeti. "Huoni? Imeandikwa hapa: chini ya Sultani Jabiri visima vyote vimejaa."

Mize akanyosha mkono. "Basi nipe hilo gazeti, Bwana, nikachote."

Walinzi walicheka, akafukuzwa. Lakini tangu siku ile alikuwa akiliwaza lile gazeti, na mpiga mbiu alipopita kwa mara ya mwisho, Mize akajifunga leso yake vizuri akaenda barazani.

"Mimi ni Mize binti Ngwali, Seyyidi, nimekuja kwa habari ya nyumba," akasema.

"Wasomaji wako wako wapi?" akauliza Waziri.

"Wako majumbani mwao, Bwana. Nikipewa toleo moja tu niliandike mimi, watakuja kwa miguu yao."

Baraza likaangua kicheko. Sultani naye alicheka, akasema, "Mpeni. Litakaloandikwa na Mize haliwezi kulala ghalani zaidi ya yaliyolala."

Waziri hakupendezwa. Akainama na kusema, "Amri ni yako, Seyyidi, lakini gazeti hili ni lako. Kwa hiyo naomba kila habari, ndogo kwa kubwa, ikuhusu wewe na ikutaje wewe. Ikikosa hata moja, au akipungua msomaji mmoja katika mia tatu, mwanamke huyu asimame sokoni kila Alhamisi, mwaka mzima, awasomee punda gazeti kuanzia mwanzo hata mwisho."

"Umesikia, Mize?" akauliza Sultani.

"Nimesikia, Seyyidi. Kila habari imtaje Sultani. Na ikimtaja, kuna wa kuizuia?"

"Hakuna wa kuizuia. Hilo ni neno langu."

Mize aliondoka pale kichwa kikiwa juu, lakini alipofika nyuma ya ukuta wa kasri aliketi chini. Kuitwa mjinga alikwisha zoea. Ila kusimama mbele ya punda, watoto wakimzunguka kwa mwaka mzima, hilo aliliona zito. Akakaa kidogo, akapangusa uso, kisha akainuka akaenda kubisha mlango wa kwanza.

Mlango ule ulikuwa wa Bi Tatu binti Shame, ajuza aishiye peke yake.

"Hodi, bibi. Una habari gani?"

"Njema, mwanangu. Karibu."

"Si hiyo. Nataka iliyo ya kweli, nikaitie gazetini."

Bi Tatu akacheka hata akashika mbavu. "Habari yangu mimi? Nani ataisoma?"

"Kwanza wewe mwenyewe."

"Mimi sijui kusoma."

"Basi utasomewa, na jina lako utaonyeshwa lilipo."

Ajuza akatazama zizi lake tupu, kisha akasema polepole, "Mbuzi wangu amepotea. Siku ya nne leo."

Ikawa Mize anakwenda nyumba hata nyumba, karani aliyejiteua mwenyewe, na kila mahali watu walianza kwa kusema hawana habari, kisha wakamweka hata chai ikapoa. Aliyejaliwa mtoto alisema, aliyefiwa alisema, aliyeuza ng'ombe akajuta alisema pia. Na kila mmoja Mize alimwambia, "Itatoka Alhamisi. Ukitaka kuiona, nenda katie jina, na pishi yako usisahau."

Siku ya Jumatano akampelekea maandishi mpiga chapa, mzee Feruzi, mtu mwoga asiyependa ugomvi na wakubwa. Feruzi akapitisha kidole mstari kwa mstari, akinong'ona, "Sultani yumo. Hapa pia yumo. Yumo." Alipofika katikati alianza kutikisika mabega kwa kicheko, akazipanga herufi na machozi yakimtoka.

Alhamisi asubuhi Sultani alichungulia dirishani akaona safu ya watu imetoka mtamboni, imepita lango, imezunguka hata nyuma ya soko, kila mtu na kikapu chake cha mtama. Alifurahi mno. "Mselemu! Tazama wanavyonipenda! Mwite Mize aje anisomee kilichowapendeza hivyo."

Mize akaletwa, na nyuma yake watu wakajaa baraza. Akafungua gazeti, akasoma:

"'Bi Tatu binti Shame, raia wa Sultani, amepotelewa na mbuzi jike mweusi mwenye sikio moja jeupe. Mara ya mwisho alionekana akila majani ya Sultani, kando ya njia ya Sultani.'"

"Ngoja," akasema Sultani. "Mbuzi wa ajuza anihusu nini mimi?"

"Seyyidi, ardhi ya Vumbini ni ya nani?"

"Yangu."

"Na majani yaotayo juu yake?"

"Yangu pia."

"Basi majani yako yamepotea, Seyyidi, yakiwa ndani ya mbuzi."

Sultani akampungia mkono. "Endelea."

"'Fundi Mbwana, mshona viatu, aishiye katika amani ya Sultani, amepata mapacha. Wote wawili hulia usiku kucha ndani ya amani hiyo, na majirani wanamwomba Sultani aizidishe.'"

Watu wakacheka, na Sultani akacheka nao. Lakini Mize aligeuza ukurasa, na sauti yake ikapungua kidogo.

"'Kisima cha Sultani kimebomoka, huu mwezi wa saba. Raia wa kike wa Sultani huamka alfajiri kwenda mtoni, na ndoo vichwani, wakipita chini ya dirisha la Sultani. Hupita wakinyata, wasimwamshe Sultani, Mungu amzidishie usingizi mwema.'"

Hapo hakucheka mtu. Waziri akaruka. "Seyyidi, huu ni ufedhuli!"

"Jina langu limo?" akauliza Sultani, bila kumtazama.

"Limo, Seyyidi, lakini..."

"Limo mara ngapi, Mize?"

"Mara nne, Seyyidi."

Sultani uso ukamwiva. Kisha akasema, "Miezi saba. Mbona mimi sikuwa na habari?"

"Habari ulikuwa nazo, Seyyidi," akajibu Mize kwa upole. "Zilikuwa za kilemba."

Waziri, alipoona mambo yanamwendea kombo, akalinyakua daftari, akahesabu majina mapya kwa haraka, kisha akahesabu tena kwa furaha. "Mia mbili na tisini na tisa! Amepungukiwa na mmoja, Seyyidi! Neno ni neno. Aende kwa punda!"

Watu wakatazamana. Kila aliyekuwa na pishi alikwisha itoa. Mize alijua fika mji mzima hauna nyumba ambayo hakubisha hodi. Lakini hapo hapo akamsikia Sultani akinong'ona, kama mtu ajisemezaye:

"Na yule mbuzi, amepatikana?"

"Hilo litatoka Alhamisi ijayo, Seyyidi," akasema Mize.

"Nieleze sasa."

"Sijui bado, Seyyidi. Na nitakapojua, nitawaandikia waliotia majina daftarini. Ndivyo ilivyotangazwa na mpiga mbiu."

"Na mimi je? Gazeti si langu?"

"Gazeti ni lako, Seyyidi. Ila wewe ni mwenye gazeti, msomaji hujawa. Hujatia jina, wala pishi yako hatujaiona."

Sultani akamtazama Mize, akamtazama Waziri na daftari lake kifuani, na kicheko kikaanza kumpanda taratibu toka tumboni, hata kilemba kile maarufu kikamteleza sikioni, naye asikiweke sawa. Akanyosha mkono, akasema, "Mselemu, lete daftari. Lete na kalamu." Akaandika chini ya majina yote, kwa mkono wake: Jabiri bin Masudi, msomaji. Kisha akasema, "Sasa nenda ghalani kanipimie pishi ya mtama, uibebe mwenyewe. Ukiisha kuileta, chukua jembe na watu ishirini, mwende kisimani. Na ndoo ya kwanza ya maji safi nataka niione kichwani mwako."

Waziri akaenda, na watu walimpisha njia kwa heshima kubwa mno, heshima iliyomkera kuliko kuzomewa.

Yule mbuzi alipatikana siku ya Jumamosi kwa msaada wa msomaji mmoja wa upande wa pili wa mji, naye alikuwa amekwisha zaa, hivyo Bi Tatu akarudi nyumbani na mbuzi wawili na gazeti moja. Ujenzi wa kisima ulikwisha baada ya siku tisa. Mize alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya mawe, na Sultani akamfanya mwandishi wa Tarumbeta, kwa sharti moja jipya, kwamba jina la Sultani litajwe pale tu alipotenda jambo. Wiki za mwanzo halikutajwa hata mara moja, na Sultani alinung'unika sana. Lakini haikupita miezi miwili alianza kutoka asubuhi na mapema, fimbo mkononi, akitembea mtaa kwa mtaa na kuuliza watu kama wana daraja lililovunjika.

Hiyo ndiyo hekaya ya Mize binti Ngwali na shindano la Vumbini. Mimi nimeifikisha, na aliyeisikia naye aifikishe kwa jirani.