Dishi Juu ya Kinu cha Unga

Isome hii taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Nje kidogo ya mji wa Mbeya palikuwa na kinu kikubwa cha kusaga mahindi, jengo la ghorofa tisa. Asubuhi, ukungu uliposhuka kutoka milimani, ulilimeza jengo lote likabaki paa peke yake, kama kisiwa kinachoelea juu ya maziwa.

Kwenye paa hilo alifanya kazi Subilaga, fundi wa minara, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alikuwa anafunga dishi kubwa la mawasiliano, pana kama chumba cha kulala. Dishi hilo lingepeleka simu hadi vijiji vya ng'ambo ya mlima, ambako mtu akitaka kumwitia mgonjwa gari alitembea saa nzima akitafuta mtandao.

Alisimamisha nguzo ya chuma, akakaza nati moja moja. Mara nyingine alisita, akaweka kiganja juu ya dishi. Mtetemo wa mashine za chini ulimpanda mikononi kama pumzi za mnyama mkubwa aliyelala. Vumbi la unga lilitoka madirishani likachanganyika na ukungu, asijue kipi ni kipi. Akahisi kama sauti za watu ambao bado hawajapiga simu zinampita masikioni.

Siku ya nne ikabaki kazi moja: waya wa ethi, ule mnene wa shaba unaoichukua radi kutoka juu na kuizika ardhini. Subilaga alichimba chini ya ukuta, akapima. Kipimo kikakataa. Udongo wa pale ulikuwa wa mawe mepesi ya volkano, mkavu, haupokei umeme.

"Bosi, inabidi tuuvushe waya hadi kule bondeni kwenye matete," akamwambia Lwitiko, msimamizi wa mradi. "Kule kuna maji. Nipe siku mbili."

"Siku mbili? Uzinduzi ni Ijumaa, na leo ni Jumatano! Funga kwenye bomba la chuma la ngazi za ndani. Nani atajua?"

"Radi itajua. Bomba hilo linapita katikati ya kinu, na vumbi la unga likipata cheche hulipuka kama baruti. Humo ndani mna watu."

"Mama, mimi nimekuomba kazi, sikukuomba mahubiri. Kama huwezi, teremka."

Subilaga akateremka. Fundi mwingine akaletwa, na kwa dakika kumi waya ukafungwa kwenye bomba. Ukitazama kwa mbali, ulipendeza.

Usiku huo Subilaga hakupata usingizi. Kulipokucha alichukua jembe, akarudi. Lwitiko alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Getini alikuwepo mlinzi, mzee Ambilikile.

"Mama, si umeshafukuzwa?"

"Nimefukuzwa mimi, baba. Radi haijafukuzwa."

Akamweleza habari ya waya na bomba. Mzee alikuwa na binti yake humo ndani, mshonaji wa magunia. Akafungua geti, akamnyang'anya lile jembe, akatangulia bondeni.

Wakashinda kutwa nzima. Mzee alichimba mtaro. Subilaga alifungua waya kwenye bomba, akaushusha kwa nje ya ukuta, akaupitisha mtaroni hadi kwenye matete, akaufunga kwenye fito za shaba alizozipigilia ndani kabisa ya tope la mchanga. Akapima. Kipimo kikakubali. Wakafukia, wakaenda zao.

Ijumaa wageni wakaketi chini ya turubai. Dishi likawashwa, watu wakapiga makofi. Subilaga alikuwa amesimama nje ya uzio.

Mchana mbingu ikageuka rangi ya risasi. Hata upepo ukanyamaza. Kisha mwanga mmoja, mweupe kupita kiasi, ukashuka juu ya dishi, na ngurumo ikaitikisa ardhi. Mvua ikaanza kumwagika.

Watu wakajiinamia. Walipoinua vichwa, kinu kilikuwa kinaunguruma vilevile, na ndani washonaji wa magunia walikuwa wakicheka kwa woga uliokwisha.

"Tumshukuru Mungu, imetupita kando!" mgeni mmoja akasema.

Lwitiko peke yake aliondoka chini ya turubai. Alikimbilia ngazi za ndani, akalitafuta bomba. Waya haukuwepo. Akatoka nje mvuani, akaufuata kutoka ukutani hadi ulipozama ardhini, na udongo mpya wa mtaro uliofukiwa ukamfikisha bondeni. Subilaga alikuwa amechuchumaa pale, mbele ya shimo lililopasuliwa na radi, linalofuka mvuke. Mchanga uliozizunguka fito za shaba ulikuwa umeyeyuka ukawa kioo cheusi.

"Nani amehamisha waya?"

"Mimi, bosi."

Lwitiko akatazama kile kioo, akatazama kinu. Akageuka, akapanda hadi kwenye turubai na kushika kipaza sauti.

"Waheshimiwa, radi haikutupita. Imepiga hapa hapa. Mimi niliielekeza katikati ya watu sitini, na mama niliyemfukuza akaielekeza kwingine. Njooni mwone."

Mvua ilipokatika, wageni walishuka bondeni na viatu vyao vya kung'aa, wakazama topeni, wakalizunguka lile shimo. Lakini Subilaga hakuwepo.

"Yuko wapi?" wakauliza.

Mzee Ambilikile akanyoosha kidole juu. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na katikati yake, kwenye ukingo wa paa, alionekana mtu mdogo mwenye spana mkononi, akikagua nati moja moja, isije radi ikawa imezilegeza.

Funzo: Ajali iliyozuiwa haina shahidi, ila ina watu wanaorudi nyumbani salama. Fanya lililo sawa hata pale ambapo hakuna atakayejua kuwa ulilifanya.