Visamaki vya Bi Sikudhani

Usiiruke hii. Isome, kisha mtumie mtu unayemjua ana mdomo mwepesi.

Fundi Mshamu alikuwa mfyatua matofali katika kijiji kimoja bonde la Rufiji. Alijisifu kwamba yeye hana kona. Likimjia moyoni, analitoa hapo hapo.

Kiangazi kimoja aliomba kwenye mkutano wa kijiji achimbe udongo wa bwawa dogo lililokauka, apate matofali ya darasa. Bi Sikudhani, aliyelitunza bwawa hilo tangu ujana wake, akasimama.

"Msichimbe. Vile visamaki vidogo vya rangi havipatikani kokote huku ila humo. Vimeshataga, mayai yanangoja mvua."

"Mayai ya samaki kwenye udongo uliopasuka?" Mshamu akacheka. "Basi ukifika nyumbani wamwagilie maji dagaa wako wa gengeni, labda watafufuka! Jamani, bibi yetu huyu kichwa kimeshamruka."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Bwawa likachimbwa, matofali yakachomwa. Watoto wakaanza kumwita Bi Sikudhani "Mama Dagaa", na mkutanoni hakukanyaga tena.

Mvua zikaja. Bwawa likajaa maji matupu. Lakini wiki chache baadaye, Mshamu alichungulia shimo lake nyuma ya tanuri, lenye mabaki ya udongo ule ambao hakuwahi kuuchoma. Maji ya mvua yalikuwa yametuama humo, na ndani yake viliogelea visamaki kumi na vitatu, vyekundu kama makaa. Mto haufiki pale. Wala hakuna mtu aliyeviweka.

Uso ukamwaka. Akatazama darasa jipya, akawaza ni mayai mangapi aliyoyachoma ndani ya matofali yale.

Jioni akazunguka uani hadi jikoni kwa Bi Sikudhani, bakuli la visamaki mkononi, akiomba asionekane.

"Bi mkubwa, nimekosa. Nisamehe."

Bibi akavitazama visamaki, machozi yakamlengalenga. "Virudishe bwawani, baba. Lakini nikuulize. Matusi ulinipa mbele ya kijiji kizima. Msamaha mbona unaniletea jikoni?"

Mshamu akalichukua bakuli lake, akaelekea bwawani. Kumbe ujasiri wake wote ulikuwa wa kuumiza tu.

Mkutano uliofuata Mshamu akasimama. "Bi Sikudhani alisema kweli, nami nikamtukana hapa hapa. Nimeviua visamaki vyetu, vimebaki kumi na vitatu. Naona aibu."

Hakuna aliyecheka. Waliocheka siku ile walikuwa wanatazama miguu yao.

Funzo: Ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimwombe radhi mafichoni. Na wewe uliyecheka, deni hilo ni lako pia.