Meza Zilizoisogelea Lami

Meza ikifika lami, gari halisimami. Mmenisikia nikimwambia hivyo kaka yenu, anayempigia simu binti wa watu kutwa kucha, mkacheka. Mnacheka msichokijua. Methali hii ilianza hivi.

Sisi wa Mgololoni tuliuza vitunguu kando ya barabara kuu iendayo nchi jirani, na kila mmoja alitaka kuonekana kwanza. Leo huyu anasogeza meza yake mbele kidogo, kesho jirani naye anasogeza, hata tukaigusa lami. Malori yakawa yanapita tu, vitunguu vikaota kwenye magunia. Tukailaumu serikali.

Ndipo akaja mhandisi Kundaeli kupanga upanuzi wa barabara. Alipoziona meza zile akasema soko litahamishiwa nyuma ya kilima, kwa usalama wetu. Huko nani angetuona? Bi Sikudhani, mjane aliyelea wanawe kwa vitunguu, akamfuata hadi kwenye gari.

"Mwanangu, tukiacha nafasi ya magari kuegesha, utatuacha hapa?"

"Nikirudi jioni nikaikuta hiyo nafasi, mama, nitaichora kwenye mpango. Nisipoikuta, mtahama."

Bi Sikudhani akairudisha meza yake nyuma, karibu na mtaro. Hakuna aliyemfuata. Jirani yake Lugome, bila haya, akainua ya kwake aijaze nafasi ile. Bi Sikudhani akaja akaketi chini, juani, pale pale meza ilipotoka.

"Dada, unatufukuzia wateja," Lugome akasema.

"Wateja gani, mdogo wangu? Wasimame wapi, kichwani kwako? Meza ikifika lami, gari halisimami. Kama lazima uiweke hapa, iweke juu yangu. Siondoki."

Lugome akabaki ameishika meza, hajui aitue wapi. Haukupita muda, lori likaonyesha taa ya pembeni. Bi Sikudhani akainuka kulipisha, nalo likaegesha palepale. Dereva akanunua vitunguu vya mjane mpaka meza ikabaki tupu. Lugome akatazama, kisha akabeba meza yake kwenda mtaroni. Tukafuata mfano wake, sote.

Mhandisi aliporudi alikuta kando ya lami kweupe. Akatoa kalamu akachora maegesho, na soko likabaki.

Siku hizi mgeni akianza kusogeza meza yake kidogo kidogo, Lugome, mzee wa mkongojo sasa, ndiye wa kwanza kumfokea: "Rudi nyuma, bwana. Meza ikifika lami, gari halisimami."