Nyanya za Mashavu

Nyanya iliyoiva haivutwi.

Mmeisikia leo, mkacheka, mkauliza ni nani huyo aliyevuta nyanya hadi akasemwa. Methali hii ilianza hivi.

Kwenye miteremko ya Usambara palikuwa na mama mmoja mjane, jina lake Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, Sikitu, na nyuma ya nyumba alikuwa na matuta sita ya nyanya. Miche yake aliifunga vizuri kwenye vijiti, akaiwekea samadi ya mbuzi, akaimwagilia kila jioni. Ilizaa hata vijiti vikainama. Lakini Mashavu hakuwahi kuonja nyanya yake hata moja iliyoivia kwenye mche.

Sababu ilikuwa jirani yake, Mzee Mbaruku. Ukoo wa Mbaruku na ukoo wa Mashavu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Na mtani, kama mjuavyo, akikukuta na kitu kizuri hujichukulia, nawe huna la kumfanya ila kumtukana, naye akutukane, kisha mcheke. Mbaruku alipita shambani kila asubuhi, akachuma nyanya mbili, akazila akiwa amesimama, huku akisema kwa sauti ili asikike hadi jikoni kwamba ukoo ule ulijaliwa udongo ukanyimwa akili.

Mashavu akaamua kumkomoa. Nyanya ikinenepa tu, ingali ya kijani, aliikwanyua na kuifukia kwenye pumba chini ya kitanda. Siku chache baadaye ilitoka nyekundu, nzuri kwa macho. Mdomoni ilikuwa maji na ukakasi, naye alidhani ndivyo nyanya zilivyo. Mbaruku akabaki na zile chache zilizojificha chini ya majani.

Siku moja wakaja wageni kuleta posa ya Sikitu. Aliyewaongoza alikuwa Bi Mwanjaa, shangazi wa kijana, ambaye ndiye aliyemlea, na ulimi wake ulijulikana vijiji vitatu. Mashavu akawaandalia wali, maharage na kachumbari. Bi Mwanjaa alionja kachumbari kijiko kimoja, akaisukuma iliyobaki pembeni mwa sahani. Wakati wa kuaga akamuuliza Sikitu kwa upole kama mama yake alikuwa mgonjwa siku ile.

Posa ilipokewa, kwa kuwa vijana walipendana. Wageni wangerudi baada ya wiki tatu kupanga siku ya harusi. Lakini Mashavu hakuwa na raha. Binti yake alikuwa anakwenda kuishi ua mmoja na Bi Mwanjaa, na aliona wazi ataitwa mtoto wa kachumbari iliyosazwa mpaka azeeke. Neno dogo kama hilo, likirudiwa kila siku, humchosha mtu kuliko jembe.

Akamwambia Mbaruku kwamba atang'oa miche yote, atafute mbegu nyingine. Mbaruku alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona machozi ya mwenzake, akaacha kucheka.

"Mbegu haina kosa, mtani," akasema. "Kosa ni lako. Unawaachisha watoto ziwa kabla hawajaota meno."

"Nikiziacha, si unazila wewe?"

"Nazila, ndiyo. Ndiyo maana mimi naijua ladha ya shamba lako, na wewe mwenyewe huijui."

Akampeleka kwenye tuta la mwisho, akafunua majani. Ilikuwepo moja, nyekundu hadi mabegani, inalegea kidogo ikibonyezwa. Akamwambia aweke kiganja chini yake na kuinyanyua taratibu, bila kuvuta. Mashavu akanyanyua, na nyanya ikaachia yenyewe pale kwenye kifundo kidogo cha kikonyo, ikatua mkononi. Aliila. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na uchachu kidogo uliomfanya afumbe jicho moja. Alikuwa amelima nyanya miaka kumi na moja. Kwanza alikasirika, halafu akacheka mpaka Sikitu akatoka nje kutazama kuna nini.

Wakakubaliana zile za matuta yote ziachwe. Siku za mwisho zipunguziwe maji, ili utamu usizimuliwe. Jambo moja tu lilimtia Mashavu wasiwasi: Mbaruku angeweza kuzila zote, na mila isingemlaumu. Akamtaka aape. Mbaruku akakataa, akasema mtani hamwapii mtani wake.

Nyanya zikaanza kupauka kitakoni, zikageuka rangi ya machungwa, kisha wekundu ukapanda. Kila asubuhi mikono ilimwasha Mashavu kwa hamu ya kuzichuma, naye akaifunga ndani ya kanga. Siku tatu kabla ya wageni, akasikia debe likigongwa shambani. Akakimbia. Mbaruku alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya matuta, anafukuza ngedere.

Akamuuliza amekula ngapi. Mzee akajibu kwamba hajala hata moja, siku hizi tumbo linamsumbua. Mashavu alijua tumbo lile halina ugonjwa wowote. Akarudi ndani, akamletea uji.

Asubuhi ya ugeni, umande ulipokauka, wakachuma pamoja. Iliyoachia iliingia kikapuni. Ilikuwepo moja kubwa, nyekundu, ila ilishikilia. Mashavu, kwa haraka yake, akaanza kuivuta mpaka mche ukatikisika. Mbaruku akamshika mkono.

"Iache. Nyanya iliyoiva haivutwi."

Kachumbari ilikatwa wageni walipokwisha kunawa. Bi Mwanjaa akachota kijiko, akatafuna. Akachota kingine, akaanza kuzungumzia mvua. Mashavu akashindwa kungoja. Akafungua mdomo amuulize kama imekolea. Mbaruku, aliyekuja bila kualikwa kwa haki yake ya utani, akamwinamia sikioni.

"Mtani. Haivutwi."

Mashavu akafunga mdomo. Mazungumzo yakaendelea, ya mvua, ya barabara, ya bei ya mbuzi. Mara bakuli lote likasogezwa mbele ya Bi Mwanjaa, na mjomba wa kijana alipolinyooshea mkono, akaambiwa ale maharage. Alipolimaliza, Bi Mwanjaa akafuta mikono, akamtazama mwenyeji wake.

"Mama Sikitu," akasema, "huyu mtoto akija kwangu, jikoni ashike yeye. Mimi nimepika vya kutosha. Na wewe usikae sana bila kuja kututazama."

Sikitu alikuwa mlangoni na birika la maji. Hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu vile.

Habari ikaenea, na neno la Mbaruku likaenea nayo. Watu wakalitumia kwa mtoto anayechelewa kutembea, kwa mgeni mwenye aibu, kwa mtu unayemtaka radhi na bado moyo wake ni mzito. Wala halisemi ukae mbali ungoje. Weka kiganja chini, kiwe tayari. Lakini nyanya iliyoiva haivutwi.