Siku ya Tatu ya Khiyari

Inasimuliwa kwamba katika Basra ya zamani aliishi mcha Mungu mmoja, Muadhi bin Labidi, na mkewe Rababu. Kwa miaka thelathini walitamani kuhiji. Uzee ulipobisha hodi, wakamuuzia nyumba yao Hatimu, mfumaji mikeka, ili thamani yake iwafikishe Makka. Kama ilivyokuwa ada ya watu wale, mnunuzi alipewa khiyari ya siku tatu: asiporidhika, hurudisha ufunguo, wala hapana lawama. Jua la siku ya tatu likizama, mauzo yametimia.

Wazee wakahamia kwa dada yake Rababu kuungoja msafara. Siku ya tatu, baada ya Adhuhuri, Rababu akapika dengu. Muadhi akaonja, akakunja uso.

"Hizi hazina chumvi, bibi."

"Sikutia. Tangu unioe sijapata kutia."

Wakatazamana. Maji ya kisima cha nyumba waliyoiuza yalikuwa ya chumvi, nao walikwisha kuyazoea hata wakasahau. Hatimu alikagua kuta na paa, maji hakuyaonja.

Nafsi, tuijuavyo, haikosi hoja. "Lakini Hatimu ameridhika mwenyewe," akasema Muadhi.

"Ameridhika na asilolijua," akajibu Rababu. "Amka, mume wangu. Alasiri inaingia."

Mzee akaenda mbio na magoti yake mabovu, akamkuta Hatimu akifunga mizigo ya kuhamia, akamweleza yote.

Hatimu akainamisha kichwa. "Nina pacha wachanga, sheikh. Naona haya, maana najua safari yenu. Lakini nairudisha nyumba."

"Usione haya. Ni haki yako," akasema Muadhi, akampa mali yake yote kama alivyoipokea.

Msafara ulipoondoka, wazee wale walisimama langoni wakiutazama. Muadhi akalia, na Rababu naye akalia.

"Tungefika Makka tukamwitikia Mola Labbaika," akasema Rababu, "na huku tumewaachia wachanga wa watu maji yale. Tungeitikia kwa ulimi gani?"

Hawakujaaliwa kusafiri tena. Walifia katika nyumba ile ile, Mola awarehemu na awaandikie hija yao.

Ndugu zangu, siku hizi haki ya mnunuzi kuvunja mauzo tunaificha chini kabisa ya mkataba, kwa herufi ndogo, tukiomba siku zipite asiione. Nikikumbuka hayo moyo huniuma, nikazitamani zama zile, mzee wa watu akikimbia juani ili mwenziwe asipitwe na haki yake.